Magoti Yanayouma Yanahitaji Mazoezi, Si Kuketishwa

Katika kaya nyingi za vijijini, siku ya mzee huanza kwa kushika ukuta. Hunyanyuka kitandani taratibu, husimama kidogo mpaka magoti yakubali, kisha huchechemea hatua chache kabla mwili haujapata moto. Mchana hupata nafuu. Jioni, baada ya kazi ya shamba au safari ya kisimani, maumivu hurudi. Kadiri miezi inavyopita, kazi moja baada ya nyingine huachwa: kwanza shamba la mbali, kisha kisima, kisha mkutano wa kijiji, na hatimaye hata ibada. Familia, kwa nia njema kabisa, humwambia apumzike. Huwekewa kiti barazani, na tangu siku hiyo hali ya magoti yake huzidi kudhoofika.

Wataalamu wa afya wanaeleza kuwa sehemu kubwa ya udhaifu huo unaweza kuzuilika au kupunguzwa, na kwamba tiba yake ya msingi ni mazoezi yanayopangwa na kusimamiwa na mtaalamu wa fiziotherapia. Hata hivyo, wagonjwa wengi hufika kwa mtaalamu huyo wakiwa wamechelewa, baada ya kutumia vidonge vya dukani kwa muda mrefu, na wengine hawafiki kabisa. Makala hii inafafanua ugonjwa huu, namna mazoezi tiba yanavyosaidia na hatua ambazo mwananchi anaweza kuzifuata ili apate huduma.

Ugonjwa wenyewe

Kitaalamu ugonjwa huu huitwa osteoathraitisi. Mitaani hutajwa kwa maneno kama "magoti yamesagika" au "ute umekauka". Hushambulia zaidi magoti, nyonga, viungo vya vidole vya mikono na uti wa mgongo. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 duniani walikuwa wakiishi na ugonjwa huu, na kati yao milioni 365 waliugua magoti. Takriban asilimia 60 ya wagonjwa walikuwa wanawake, na asilimia 73 walikuwa na umri wa zaidi ya miaka 55.

Ncha za mifupa inayokutana gotini zimefunikwa na gegedu, tabaka laini na nyororo linalowezesha mifupa kuteleza bila kusuguana. Katika osteoathraitisi, gegedu hupungua unene na kuparuzika, mfupa ulio chini yake hubadilika na kuota vinundu pembeni, utando unaozunguka goti huvimba, na misuli inayolishika hulegea. Umri ni sababu mojawapo, lakini si pekee. Uzito mkubwa wa mwili, jeraha la zamani la goti, kurithi katika ukoo, na kazi za miaka mingi za kuchuchumaa, kupiga magoti na kubeba mizigo mizito, zote huongeza uwezekano wa kuugua.

Dalili zake hujulikana kwa urahisi. Maumivu huongezeka mtu anapotembea, anapopanda mlima au anaposimama kutoka kwenye kigoda, na hupungua anapotulia. Asubuhi goti huwa gumu, lakini ugumu huo kwa kawaida hauzidi dakika 30. Goti linaweza kutoa mlio wa kukwaruza na kuvimba mara kwa mara. Mtu mwenye umri wa miaka 45 au zaidi mwenye dalili hizi anaweza kutambuliwa na mtoa huduma kwa maelezo na uchunguzi wa mwili tu, bila ya lazima ya picha ya eksirei. Aidha, picha na maumivu haviendi pamoja siku zote. Wapo ambao picha huonyesha goti lililochakaa ilhali wanalima bila shida, na wapo wenye maumivu makali ilhali picha inaonyesha mabadiliko madogo. Kwa hiyo hakuna sababu ya kukata tamaa kwa sababu ya picha peke yake.

Ute, bamia na supu ya kongoro

Imani iliyoenea ni kwamba goti huuma kwa kuwa ute wake umekwisha, na kwamba bamia au supu ya kongoro huurudisha. Vyakula hivi havina ubaya, na bamia ni mboga yenye manufaa kwa afya. Lakini ute wa bamia humeng'enywa tumboni kama chakula kingine. Hausafiri kwenda gotini. Zaidi ya hayo, goti lenye ugonjwa huu si goti kavu. Linapovimba, mara nyingi huwa na majimaji mengi kuliko kawaida.

Imani ya pili ina madhara makubwa zaidi. Inasema kuwa goti ni kama gurudumu la baiskeli: kadiri linavyotumika ndivyo linavyokwisha, hivyo dawa yake ni kulipumzisha. Mwili hai haufanyi kazi kwa namna hiyo. Gegedu halina mishipa ya damu ya kulipelekea chakula. Hupata virutubisho kutoka katika majimaji ya goti, na majimaji hayo huingia na kutoka pale gegedu linapokandamizwa na kuachiwa, mithili ya sponji inayokamuliwa na kuachwa inyonye maji tena. Kila hatua ya mguu hulilisha. Goti lililoketishwa siku nzima hukosa chakula hicho.

Wakati huohuo misuli ya paja hupungua. Misuli hiyo ndiyo inayopokea sehemu ya kishindo cha kila hatua kabla hakijafika kwenye mifupa. Ikidhoofu, goti hubeba mzigo wote peke yake na huuma zaidi. Maumivu yakizidi, mtu hupunguza tena mwendo, na misuli huzidi kupungua. Uzito huongezeka, na shinikizo la damu na kisukari huwa vigumu kudhibiti. Mzee hukosa uthabiti wa mwili na kuwa katika hatari ya kuanguka. Mtu aliyeanza kwa kuumwa goti huishia kusaidiwa kwenda chooni.

Vidonge vya kila siku

Wananchi wengi hununua vidonge vya kutuliza maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni katika maduka ya dawa bila ushauri. Dawa hizi hupunguza maumivu na zina nafasi yake katika tiba, lakini hazikutengenezwa ili zimezwe kila siku kwa miaka bila uangalizi. Zinaweza kusababisha vidonda vya tumbo na kutoka damu tumboni, kupandisha shinikizo la damu na kudhuru figo. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa wazee, ambao ndio watumiaji wakuu. Mtu mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo, figo au vidonda vya tumbo hapaswi kuzitumia bila kumwona daktari. Kwa goti, dawa ya kupaka yenye diklofenaki mara nyingi ni chaguo salama zaidi kwa sababu kiasi kidogo tu huingia kwenye damu.

Sindano ya steroidi gotini nayo huweza kuleta nafuu, lakini kwa kawaida nafuu hiyo ni ya wiki chache. Mwaka 2020 jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa Marekani kwa watu 156 wenye osteoathraitisi ya goti. Nusu yao walipewa sindano ya steroidi na nusu wakapewa fiziotherapia. Baada ya mwaka mmoja, waliopata fiziotherapia walikuwa na maumivu kidogo zaidi na uwezo mkubwa zaidi wa kufanya shughuli zao kuliko waliochomwa sindano.

Tahadhari nyingine inahusu dawa zinazouzwa minadani na katika stendi za mabasi bila lebo ya viambato vyake. Dawa inayomaliza maumivu yote ndani ya siku moja inaweza kuwa imechanganywa na steroidi, ambazo zikitumiwa kiholela hudhoofisha mifupa, hupandisha sukari na hupunguza kinga ya mwili. Aliyezitumia kwa muda mrefu asiziache ghafla, bali afike kituo cha huduma na kueleza ukweli ili asaidiwe kuziacha kwa usalama.

Anachofanya mtaalamu wa fiziotherapia

Baadhi ya wananchi hudhani fiziotherapia ni kukandwa kwa mafuta tu. Ukandaji unaweza kuleta nafuu ya muda, lakini kiini cha huduma hii ni mazoezi. Katika ziara ya kwanza, mtaalamu humuuliza mgonjwa kazi anazofanya, umbali anaoweza kutembea, magonjwa mengine aliyonayo na jambo analotamani sana kulifanya tena. Mmoja atataja kufika shambani, mwingine kuswali bila kiti, mwingine kumbeba mjukuu. Kisha hupima mjongeo wa goti, nguvu za misuli ya paja na nyonga, uthabiti wa mwili na namna ya kutembea.

Kutokana na vipimo hivyo hupanga mazoezi yanayomfaa mtu huyo, humfundisha hatua kwa hatua, na humpa tarehe ya kurudi ili mazoezi yaongezwe. Kuongeza huko ni muhimu. Misuli haipati nguvu kwa kurudia zoezi lilelile jepesi miezi yote, bali kwa kupewa kazi kubwa kidogo kila inapozoea.

Jambo ambalo mgonjwa anapaswa kulifahamu mapema ni kwamba mazoezi si kidonge. Matokeo yake huanza kuonekana baada ya wiki 6 hadi 12 za kuyafanya kwa uaminifu. Wengi hukata tamaa mapema, kabla ya kuanza kuona tofauti. Mazoezi hayarudishi gegedu lililokwisha, lakini hupunguza maumivu, huongeza nguvu na humrejeshea mtu uhuru wa kujihudumia.

Mazoezi yanayoweza kufanyika nyumbani

Mazoezi yafuatayo hayahitaji kifaa cha kununua. Kila moja hurudiwa mara 10, kwa raundi mbili au tatu, siku tatu au zaidi kwa wiki. Mwenye ugonjwa wa moyo, aliyefanyiwa upasuaji au aliyeanguka hivi karibuni amwone kwanza mtoa huduma.

1. Kukandamiza khanga. Keti mkekani au kitandani, mguu umenyooka, khanga iliyoviringishwa ikiwa chini ya goti. Kaza paja kama unayetaka kuikandamiza khanga hiyo, hesabu hadi 5, kisha legeza.

2. Kunyoosha goti kitini. Keti kwenye kiti imara. Nyoosha mguu mmoja mbele mpaka goti linyooke, hesabu hadi 5, ushushe taratibu. Badilisha mguu.

3. Kuketi na kusimama. Simama kutoka kwenye kiti bila kutumia mikono, kisha keti taratibu bila kujibwaga. Anayeshindwa aweke blanketi lililokunjwa juu ya kiti ili kiwe kirefu zaidi, au asaidie kidogo kwa mikono. Hili ni zoezi lenye manufaa makubwa, kwa kuwa ndilo tendo la kila siku linalowashinda wagonjwa wengi.

4. Kunyanyua visigino. Simama ukishika ukuta au meza. Nyanyuka kwa vidole vya miguu, tulia kidogo, kisha shuka taratibu.

5. Kupanda kibaraza. Panda kidato kimoja cha chini kwa mguu wenye maumivu, kisha shuka, huku kukiwa na ukuta au nguzo ya kushika.

Sambamba na hayo, matembezi ni sehemu ya tiba. Anayeweza kutembea dakika 10 tu aanze na 10, na aongeze kidogo kila wiki. Kutembea mara tatu kwa siku, dakika 10 kila mara, kunafaa sawa na kutembea nusu saa mfululizo.

Maumivu kiasi gani yanakubalika?

Hofu ya kuumia ndiyo huwafanya wengi waache. Wataalamu hutumia kipimo rahisi cha 0 hadi 10, ambapo 0 ni kutoumwa kabisa na 10 ni maumivu makali yasiyovumilika. Maumivu ya 0 hadi 2 wakati wa mazoezi hayana tatizo. Ya 3 hadi 5 yanakubalika. Yakizidi 5, zoezi lipunguzwe. Kipimo cha pili ni saa 24: ikiwa kesho yake goti limerudi katika hali yake ya kawaida, mazoezi hayakuzidi kiasi. Likibaki limevimba au likiuma zaidi, idadi ya marudio ipunguzwe safari inayofuata, lakini mazoezi yasiachwe.

Kulipunguzia goti mzigo

Tafiti zinaonyesha kuwa kila kilo moja ya uzito wa mwili inayopunguzwa huliondolea goti mzigo wa takriban kilo nne katika kila hatua. Kwa hiyo mtu mzito anayepungua kilo 5 hulipunguzia goti lake kilo 20 katika kila hatua anayopiga. Kupunguza sukari kwenye chai, soda, vitafunwa vya kukaangwa na kiasi cha ugali au wali, na kuongeza mboga na maharage, ni mwanzo unaowezekana katika kaya yoyote.

Fimbo nayo husaidia, lakini wengi huishika upande usiofaa. Inapaswa kushikwa kwa mkono ulio upande wa pili wa goti linalouma. Anayeumwa goti la kulia ashike fimbo kwa mkono wa kushoto, na fimbo iende mbele pamoja na mguu wa kulia. Mshikio wake uwe sawa na kifundo cha mkono mtu anaposimama wima.

Kazi za nyumbani zinaweza kupangwa upya. Ndoo moja kubwa ya maji igawanywe katika madumu madogo, au ibebwe kwa toroli. Jembe la mpini mrefu humwezesha mkulima kulima bila kuinama sana, na kubadilisha kazi kila baada ya nusu saa hulipa goti nafasi. Anayepika jikoni kwenye mafiga atumie kiti kirefu badala ya kigoda kifupi. Kwa choo cha kuchuchumaa, fundi seremala anaweza kutengeneza kiti imara chenye tundu katikati na sehemu za kushika pembeni. Kitu hicho cha gharama ndogo humhifadhia mzee heshima yake.

Dalili ambazo hazipaswi kusubiri

Si kila maumivu ya kiungo ni osteoathraitisi. Kiungo kinachovimba ghafla, kikawa chekundu na cha moto, hasa kikiambatana na homa, kinahitaji uchunguzi siku hiyohiyo kwa kuwa kinaweza kuwa na maambukizi. Vivyo hivyo kwa mtu aliyeanguka na kushindwa kukanyagia mguu. Ugumu wa asubuhi unaodumu kwa zaidi ya saa moja pamoja na uvimbe wa vidole vya mikono yote miwili unaweza kuwa baridi yabisi, na maumivu makali ya ghafla ya kidole gumba cha mguu yanaweza kuwa jongo. Magonjwa hayo yana dawa zake mahususi. Maumivu ya usiku yasiyotulia, yakiambatana na kupungua uzito, nayo yachunguzwe mapema.

Namna ya kupata huduma

Zahanati nyingi hazina mtaalamu wa fiziotherapia, lakini ndizo mlango wa kuingilia. Mganga wa zahanati au kituo cha afya humchunguza mgonjwa, hupima shinikizo la damu na sukari, na humpa rufaa kwenda hospitali yenye huduma hiyo. Mgonjwa aende na kadi yake ya bima au ya msamaha, dawa zote anazotumia, pamoja na ndugu mmoja atakayejifunza mazoezi ili amkumbushe nyumbani. Anayeishi mbali amweleze mtaalamu mapema, ili apangiwe mazoezi ya kufanyia nyumbani na ziara chache za ufuatiliaji badala ya safari za kila wiki.

Wazee wenye umri wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wa kulipia matibabu wanatambuliwa na sera za nchi, ikiwemo Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003. Asiye na kitambulisho aanzie kwa mtendaji wa kijiji au mtaa wake, au kwa ofisa ustawi wa jamii, ambaye atamweleza utaratibu wa utambuzi. Ni vyema jambo hilo likamilishwe kabla ya siku ya safari ya hospitali.

Wachache ambao goti au nyonga imeharibika sana, na ambao mazoezi na dawa havikuwasaidia, wanaweza kupewa rufaa kwa ajili ya upasuaji wa kuweka kiungo bandia. Upasuaji huo hufanyika katika hospitali kubwa kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), jijini Dar es Salaam. Hata hao huhitaji fiziotherapia kabla na baada ya upasuaji.

Kwa familia yenye mzee anayeumwa magoti, hatua ya kwanza haihitaji fedha. Ni kuacha kumfanyia kila kitu. Aachwe achume mboga, apepete mchele, atembee hadi kwa jirani na kurudi, mtu mmoja akiwa karibu naye endapo atahitaji mkono. Kiti cha barazani kibaki pale pale, na jioni kitumike kwa zoezi la tatu: kuketi na kusimama, mara 10.